Safari Iliyofutwa: Kisa cha Familia Moja ya Wakimbizi Jijini Nairobi, 2025

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia ya Wakongomani sita waliokuwa wamekubaliwa kuhamia Marekani, kisha wakafutiwa safari majuma matatu kabla ya kuondoka Nairobi. Kimeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, viongozi wa jamii za wakimbizi, walimu, na wahudumu wa makanisa na misikiti, ambao ndio hubishiwa hodi kwanza mambo yanapoharibika. Familia yenyewe imeridhia kisa chake kitumike kufundishia. Majina yameondolewa, mtaa hautajwi, na mambo kadhaa kama umri wa watoto na kazi za wazazi yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio, sheria zilizohusika na sababu za kila uamuzi tumeziacha kama zilivyokuwa.

Usuli

Baba na mama wa familia hii walitoka Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakaingia Nairobi mwaka 2014 wakiwa na binti wa miaka sita na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Ulikuwa mwaka mgumu kwa mkimbizi kufika jijini. Mwezi Machi serikali ilikuwa imeagiza wakimbizi wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma, na mwezi Aprili ikaanza operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali kutoka Eastleigh, walikamatwa na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani huku hati zao zikikaguliwa. Agizo la kwanza la aina hiyo, la Desemba 2012, lilikuwa limebatilishwa na Mahakama Kuu mwezi Julai 2013 katika kesi iliyofunguliwa na Kituo Cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. La pili halikubatilishwa. Tunayataja haya kwa sababu yalijenga tabia moja ya familia hii ambayo ilikuja kuwa na uzito mkubwa: kwa zaidi ya miaka kumi walizitunza hati zao kuliko walivyotunza fedha, na baba hakutoka nje ya mlango bila kupapasa mfuko wa shati kuhakikisha kipande chake kimo.

Walisajiliwa kama waomba hifadhi, baadaye hadhi yao ya ukimbizi ikatambuliwa, wakapewa vitambulisho vya mkimbizi. Baba alianza kwa kukodi kiti katika kinyozi cha mtu mwingine, akaishia kuwa na kinyozi chake chenye mashine mbili na vioo vyake. Mama alikuwa fundi wa cherehani, akishona nguo za vitenge kwa ajili ya harusi na ibada. Watoto wengine wawili walizaliwa hapa. Wote wanne walisoma shule za umma, wakizungumza Kiswahili cha Nairobi ambacho wazazi wao wakati mwingine huhitaji kutafsiriwa.

Kisheria, mambo yalikuwa yamebadilika sana tangu walipowasili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilifutwa na ile ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Kifungu cha 28 cha sheria mpya kinampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kutekeleza taaluma yake ikiwa sifa zake zimetambuliwa nchini, na kinaitaka serikali, katika ngazi zote mbili, imrahisishie kupata hati anazohitaji ili achangie uchumi. Hayo ni mafanikio makubwa, na walioyapigania kwa miaka wanastahili shukrani. Hata hivyo haki hizo hupatikana kupitia karatasi: kibali cha kazi cha daraja M, ambacho hakilipiwi ada lakini huhitaji barua ya mapendekezo kutoka idara inayoshughulikia wakimbizi, leseni ya biashara ya kaunti, namba ya mlipa kodi, laini ya simu yenye M-Pesa. Kila moja ya karatasi hizi husimama juu ya kitambulisho cha mkimbizi ambacho muda wake haujaisha.

Mwaka 2018 mama alikutana jijini na mtu aliyemtambua kuwa miongoni mwa waliomtendea unyama kijijini kwao, na vitisho vikafuata. Kwa sababu hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilipendekeza familia ihamishiwe nchi ya tatu, yaani nchi nyingine itakayoipokea kwa kudumu, mbali na Kongo na Kenya. Faili lilikwama wakati wa janga la korona mwaka 2020, likafufuka, likapita katika mahojiano, ukaguzi wa usalama na vipimo vya afya, na kufikia mwisho wa 2024 lilikuwa limekubaliwa. Matumaini yao hayakuwa ya kijinga. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kwa takriban miongo mitatu, na Wakongomani walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote.

Yaliyotokea

Mwishoni mwa Novemba 2024 familia iliarifiwa ijiandae. Desemba wakampa mwenye nyumba notisi kwamba wangetoka tarehe 31 Januari. Baba aliuza kinyozi pamoja na vifaa vyake kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi alijua wana haraka. Mama aliuza cherehani, akajitoa katika chama cha akina mama alichokuwa mwanachama kwa miaka mingi na kuchukua sehemu ya akiba yake. Shule zilipofunguliwa Januari 2025 watoto hawakurudi. Binti mkubwa, ambaye alikuwa aingie Kidato cha Nne, alichukuliwa barua ya kuondoka shuleni. Kitambulisho cha baba kilikuwa kiishe muda Februari. Aliulizia habari za kukiandikisha upya, akaambiwa na jamaa zake kwamba ni kazi bure kwa mtu ambaye atakuwa hewani kabla kadi mpya haijatoka. Mtu aliyepapasa mfuko wake kila asubuhi kwa miaka kumi aliona kwa mara ya kwanza kwamba angeweza kuacha kufanya hivyo.

Ndege yao ilipangwa kuondoka katikati ya Februari.

Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ambayo ingeanza kutumika tarehe 27. Safari hazikungoja tarehe hiyo. Siku mbili baada ya amri kusainiwa familia ilipokea simu kwamba safari yao imefutwa na kwamba wasifike kituoni. Tarehe 27 Januari, siku ambayo amri ilianza kutumika, waasi wa M23 waliingia mjini Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, alikokuwa akiishi dada yake mama. Kwa hiyo katika muda usiozidi mwezi mmoja mlango wa mbele ulifungwa na nyumba iliyoachwa nyuma ikawaka moto, na familia ilikuwa imesimama katikati bila kitanda.

Walifika kwetu, sisi tunaowasaidia wakimbizi wa jijini, juma la kwanza la Februari. Walikuwa wanalala katika stoo ya kanisa wanalosali, mizigo yao ikiwa bado imefungwa na kupimwa uzito unaotakiwa na shirika la ndege.

Hali ilivyokuwa tulipoanza

Katika kikao cha kwanza baba alikuwa na swali moja tu: je, safari itarudi? Tulimwambia kwamba hakuna mtu Nairobi anayeweza kulijibu, na tukaomba tuanze kwa kuorodhesha yote yaliyokuwa yamefungwa kwa ajili ya safari. Orodha ilichukua asubuhi nzima. Nyumba ilikuwa imepata mpangaji mwingine. Kinyozi na cherehani vilikuwa vimeuzwa, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwenda kwenye nguo za baridi, madeni na kuaga watu. Watoto wanne hawakuwa na shule. Kitambulisho cha baba kilikuwa na siku chache za uhai. Mtoto wa mwisho hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wazazi walikuwa wamefikiri kwamba hati za safari zingetosha. Hata msaidizi wa shirika moja aliyekuwa akifuatilia afya ya akili ya mama tangu tukio la 2018 alikuwa amefunga faili lake Desemba, akiandika kwamba mteja anaondoka nchini.

Nilipoyaona yote haya kwenye karatasi moja ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Hakuna aliyeifanyia familia hii ubaya. Kila mmoja alikuwa amefanya kwa wakati kile ambacho kuondoka kunadai.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa shule ya binti mkubwa, ukatangulia hata nyumba. Wapo waliotushangaa, kwa kuwa familia ilikuwa inalala stoo. Sababu ni kwamba usajili wa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanyika miezi ya kwanza ya mwaka, na ukipita umepita. Nyumba inaweza kutafutwa Machi, lakini mtahiniwa asiyesajiliwa hupoteza mwaka mzima, na msichana wa miaka kumi na saba aliyepoteza mwaka katika hali ile ana hatari kubwa ya kutorudi kabisa. Mama alikwenda shuleni pamoja na mmoja wetu. Mwalimu mkuu aliwasikiliza, akasema nafasi ya binti ilikuwa haijajazwa, akamwandikisha upya siku hiyohiyo. Hatukuhitaji hoja yoyote ya kisheria. Tulihitaji tu kufika mapema.

Uamuzi wa pili ulikuwa kitambulisho cha baba. Yeye alitaka kusubiri, kwa hofu kwamba kuomba kadi mpya ya Kenya kungeonekana huko mbele kama kukata tamaa ya safari na kungeharibu faili. Hofu hiyo tunakutana nayo mara nyingi, na haina msingi: mkimbizi anayehamishiwa nchi ya tatu anatakiwa awe mkimbizi aliyesajiliwa ipasavyo katika nchi aliyomo. Tulimweleza hilo kwa subira, mara kadhaa. Alikubali, akawasilisha maombi kabla kadi haijaisha muda, na tukahakikisha anapewa stakabadhi yenye tarehe. Stakabadhi ile ilimwokoa mara mbili aliposimamishwa na askari wa doria jioni akitoka kwenye kibarua.

Swali la wapi pa kuishi lilizua mjadala mrefu zaidi. Kisheria, makazi ya mkimbizi nchini Kenya yamefungamana na maeneo yaliyotengwa, na wengi wa wakimbizi wa nchi hii, ambao idadi yao imepita 800,000, wako Dadaab na Kakuma. Kwenda Kakuma kungewapa mahali pa kulala bila kodi na shule kwa watoto. Lakini misaada ya kibinadamu ilikuwa inakatwa wakati huohuo, mgao wa chakula Kakuma ulikuwa umepunguzwa, na mwezi Machi wakimbizi wa huko waliandamana kwa sababu ya njaa. Isitoshe, vitisho vya 2018 viliwahusisha watu wenye jamaa kambini. Familia ilichagua kubaki Nairobi, nasi tukaona uamuzi huo ni sahihi. Kanisa lilichangisha kodi ya miezi miwili pamoja na diposti ya chumba kimoja.

Uamuzi uliobaki ndio uliotufanya tuone kisa hiki kinafaa kuandikwa.

Mwezi Machi baba alikuja na wazo alilolipata kwa mzee mmoja wa jamii yao anayeheshimika. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya kuachia hadhi yake ya ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki zinazotokana na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Mzee alikuwa amelisoma vizuri. Baba aliona hapa ndipo pa kupumulia: akiwa raia wa Jumuiya, angeweza kufanya kazi na kuishi popote Kenya, asingetajiwa tena kambi, wala asingengoja serikali ya nchi ya mbali iamue kama yeye ni mtu wa kupokelewa. “Nimechoka kuwa mgeni wa kuhurumiwa, dada,” aliniambia. “Acha niwe jirani.”

Hoja hiyo ina heshima ndani yake, na hatukutaka kuipuuza. Tuliomba muda wa juma moja, kisha tukakaa na wazazi wote wawili na kuwaeleza tulivyoona.

Tuliwaeleza kwamba haki za Itifaki, ambayo ilianza kutumika Julai 2010, ni za raia wa nchi mwanachama, na uraia huthibitishwa kwa pasipoti au kitambulisho cha taifa. Familia hii haikuwa na chochote cha Kongo. Ili wakipate wangelazimika kwenda ubalozini na kuiomba serikali waliyoikimbia iwatambue na iwalinde. Na kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake huacha kuwa mkimbizi. Pia Itifaki haifungui kila kazi kwa kila mtu. Kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi itakaowapokea, na hata hao huomba kibali. Fundi wa nguo na kinyozi wasio na vyeti wangeweza kujikuta wameachia hadhi moja bila kuipata nyingine. Tatizo zito zaidi lilikuwa la kurudi nyuma. Ikiwa mambo yangeharibika, wangeweza kuomba hifadhi upya, kwa kuwa vita ya Kivu ilikuwa wazi kwa kila mtu na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unamlinda anayekimbia machafuko ya namna hiyo. Lakini wangeanza tena kama waomba hifadhi, mwisho wa foleni, baada ya miaka kumi na moja, na faili la nchi ya tatu lingekuwa limefungwa kwa mkono wao wenyewe.

Mama alipinga wazo hilo tangu mwanzo. Kwake jambo lilikuwa fupi: hangeingia katika ofisi yoyote yenye bendera ya serikali ambayo askari wake hawakumlinda. Baba aliona kwamba mkewe anazungumza kwa hofu na kwamba sisi tunazungumza kwa kitabu. Hatukupiga kura wala hatukumshinikiza. Tulichopendekeza ni kwamba, kwa kuwa sheria inamtaka kila mtu mzima aamue kuhusu hadhi yake mwenyewe, na kwa kuwa uamuzi huo haurudishwi kirahisi, wasiuchukue kabla kadi mpya ya baba haijatoka na kabla hatujaona kama kuna Mkongomani aliyepitia njia hiyo na kufanikiwa. Tuliuliza katika jamii yao kwa majuma kadhaa. Hatukumpata hata mmoja. Baba akaliweka wazo kando, ingawa hakulitupa.

Wakati huohuo kulikuwa na habari za kesi Marekani. Mwezi Februari mashirika na wakimbizi walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho huko Seattle, jaji akatoa amri ya muda ya kuzuia kusimamishwa kwa mpango, na mwezi Machi mahakama ya rufaa ikaipunguza amri hiyo kwa kiasi kikubwa. Kila hatua ya kesi ilifika mtaani ndani ya saa chache kupitia makundi ya WhatsApp, mara nyingi ikiwa imetiwa chumvi. Mara mbili familia ilifungasha upya. Tulikubaliana nao utaratibu mmoja: habari yoyote ya safari isiyotoka kwa ofisi iliyoshughulikia faili lao isibadilishe kodi, shule wala kazi.

Kuhusu kazi, mwenye duka moja la nguo alikuwa tayari kumwajiri mama ikiwa angepata kibali cha daraja M. Tuliandaa maombi yenye barua ya mwajiri na nakala za hati, yakapelekwa Aprili. Wakati huohuo akina mama wa chama chake walikubali arudi kama mwanachama mpya, na katika mzunguko wa Juni walimtanguliza ili anunue cherehani iliyotumika.

Matokeo

Kitambulisho kipya cha baba kilitoka baada ya miezi kadhaa. Binti mkubwa alifanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa 2025 pamoja na wenzake aliosoma nao tangu Kidato cha Kwanza. Wadogo zake walirudi shule, ingawa mmoja alipoteza karibu muhula mzima. Mama anashona nyumbani. Kibali cha daraja M kilikuwa hakijatoka wakati mwenye duka alipochoka kungoja na kuajiri mtu mwingine. Baba anakodi kiti katika kinyozi cha mwenzake, yaani amerudi alikoanzia miaka ile ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho bado kinafuatiliwa, kwa kuwa usajili uliochelewa hudai uthibitisho zaidi.

Safari haikurudi. Mwezi Oktoba 2025 Marekani ilitangaza kikomo cha wakimbizi 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026, na kipaumbele kikawekwa kwa Waafrikana, yaani Makaburu, wa Afrika Kusini. Siku hiyo baba alifungua mizigo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kupanga kazi kwa kufuata tarehe zisizosogezwa, badala ya kufuata ukubwa wa maumivu. Familia iliyopoteza nyumba hulia kwanza kwa ajili ya nyumba, na msaidizi mwenye moyo hukimbilia huko. Lakini usajili wa mtihani na uhai wa kitambulisho vilikuwa na tarehe ambazo hazingemsubiri mtu, na vyote viwili viliwezekana kwa gharama ndogo vilipowahiwa. Kama tungeanza na nyumba, tungeipata, na tungekuwa tumechelewa kwingine.

Kilichosaidia kingine hakikutoka katika ofisi yoyote. Kanisa lilitoa stoo na kodi, chama kikatoa cherehani, mwalimu mkuu akatoa nafasi. Naona uchungu kusema kwamba nguzo hizi tatu ndizo hasa maandalizi ya safari huzivunja, kwa kuwa anayeondoka hujitoa chamani, huaga kanisani na kuchukua barua shuleni. Familia hii ilikuwa na bahati kwamba watu waliowaaga hawakuwageuzia kisogo.

Maombi ya kibali cha daraja M hayakuzaa matunda kwa wakati. Haki ya kazi iliyoandikwa katika kifungu cha 28 ilimfikia mama ikiwa imechelewa kuliko subira ya mwajiri, na mwajiri mdogo wa Nairobi, mwenye kodi ya duka ya kulipa kila mwezi, hawezi kulaumiwa kwa hilo. Kwa mkimbizi wa jijini, kibali kinachokuja baada ya nafasi kujazwa kina thamani ndogo sana. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025 ili kugeuza kambi kuwa makazi yanayoishi pamoja na wenyeji, ni hatua njema, lakini kiini chake ni Dadaab na Kakuma. Familia kama hii, inayolipa kodi ya nyumba mashariki mwa Nairobi, inahitaji zaidi ofisi inayotoa karatasi kwa muda unaojulikana.

Tatizo la msingi, hata hivyo, liko katika namna nchi ya tatu inavyotolewa. Hakuna sheria ya kimataifa inayoilazimisha nchi yoyote kupokea wakimbizi kwa njia hiyo. Ni hiari tupu, na kila mwaka chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia huifikia. Nchi inayopokea inaweza kubadili nia kwa saini moja. Anayepokelewa, kwa upande wake, hudaiwa ajiandae kana kwamba jambo limekwisha, na hakuna anayebeba gharama ya kuandaliwa huko ikiwa safari itafutwa. Yaliyoikuta familia hii Januari 2025 yaliwakuta maelfu ya watu waliokuwa na tarehe za ndege mkononi, katika miji na kambi nyingi za dunia.

Kwa sababu hiyo tumebadilisha utaratibu wetu kwa kila familia iliyo katika prosesi, yaani inayosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu. Faili halifungwi kwa sababu mteja “anaondoka”. Hufungwa anapokuwa amewasili. Kitambulisho huandikishwa upya hata kama ndege ni ya kesho kutwa. Mtoto hubaki shuleni mpaka juma la safari, na barua ya kuondoka huchukuliwa mwisho. Tunawashauri wenye kazi kama kinyozi wakodishe vifaa kwa ndugu au rafiki kwa makubaliano ya maandishi, kisha waviuze wakiwa ng’ambo. Wapo wanaosema kwamba ushauri huu unawanyima watu furaha ya kujiandaa. Tumeyasikia malalamiko hayo, na bado tunaushikilia ushauri wetu.

Kuhusu njia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, naamini baba yule aliona jambo la kweli, ingawa tulimshauri asilifanye. Wakongomani na Wasomali, ambao nchi yao ilikamilisha kujiunga na Jumuiya mwaka 2024, pamoja na Warundi na Wasudan Kusini, ni sehemu kubwa sana ya wakimbizi walioko Kenya, na sheria imewawekea mlango ambao kwa sasa unafunguka upande mmoja tu. Mlango huo ungetumika kwa usalama ikiwa mambo mawili yangewekwa wazi katika kanuni: kwamba kitambulisho cha mkimbizi, chenye uraia wake ulioandikwa, kinatosha kuthibitisha kwamba mtu ni wa nchi mwanachama, bila kumpeleka katika ubalozi anaouogopa, na kwamba hadhi ya ukimbizi huwekwa kando kwa kipindi maalumu badala ya kufutwa, ili anayenyimwa kibali au ambaye nchi yake imewaka moto upya airudie bila kuanza foleni. Maneno hayo tumeyaandika katika barua ya mapendekezo, na baba ni mmoja wa waliotia saini.